Panya Aliyeokoa Kituo, na Bahasha Iliyokizika

 

Siku chache zilizopita kijana mmoja anayesomea utangazaji alinikuta kwenye kituo cha basi. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia: "Mzee, asubuhi watu hawataki habari nzito. Wanataka kucheka kidogo na kujua foleni ikoje, basi. Wewe unasemaje?" Sikuwahi kumjibu, maana basi lilikuwa linaondoka. Namjibu leo kwa kisa cha Uingereza.

Mwezi wa Desemba mwaka 1980, mamlaka iliyosimamia televisheni za biashara nchini humo ilitoa leseni ya aina yake. Mtandao wa ITV wa huko, si hii ITV yetu ya Mikocheni, ulikuwa umegawanywa kimikoa, kila kampuni na eneo lake. Leseni hii mpya haikugawanywa kwa eneo bali kwa saa. Kampuni moja, TV-am, ilipewa nchi nzima, lakini asubuhi tu, tangu saa kumi na mbili hadi baada ya saa tatu.

Waliopewa walikuwa watu wa heshima. Kiongozi wao alikuwa Peter Jay, mwandishi wa habari za uchumi aliyewahi kuwa balozi mjini Washington. Pamoja naye walikuwamo watangazaji watano wenye majina makubwa: David Frost, Michael Parkinson, Angela Rippon, Anna Ford na Robert Kee. Ahadi yao ilikuwa kwamba hawatasoma habari tu, bali watawaeleza wananchi maana yake. Wakajijengea makao mapya Camden, London, na juu ya paa wakaweka sanamu kubwa za vikombe vya mayai. Chai ya asubuhi hiyo!

Kumbe wakati wanapamba paa, BBC hawakulala. Tarehe 17 Januari 1983, wiki mbili kabla ya TV-am kufungua milango, BBC walianza kipindi chao cha asubuhi. Kila mtu alitazamia BBC wavae tai na kununa. Badala yake Frank Bough alitokea na sweta, ameketi kwenye kochi pamoja na Selina Scott, wakizungumza na watu kama wageni wa sebuleni. TV-am walipoanza tarehe 1 Februari, watazamaji walikwisha kuzoea kochi la jirani.

Matangazo ya biashara yalikuwa haba na watazamaji wachache. Kabla Machi haijaisha, Jay alikuwa amejiuzulu. Mwezi wa Aprili Anna Ford na Angela Rippon wakaondolewa. Fedha zilikauka hata bili ya umeme ikawa tatizo.

Hapo ndipo panya alipoingia. Mhariri wa vipindi vya watoto, Anne Wood, aliwawekea watoto waliokuwa likizo ya Pasaka kikaragosi cha panya mwenye miwani ya jua, jina lake Roland Rat. Watoto wakamfuata panya, wazazi wakawafuata watoto, na watangazaji wa biashara wakawafuata wazazi. Kijana wangu, hapo ulikuwa na haki: kicheko kiliokoa kituo.

Lakini ngoja kwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Oktoba 1984, bomu lililipuka katika hoteli mjini Brighton, alimokuwa amefikia Waziri Mkuu Margaret Thatcher na viongozi wa chama chake. Watu watano walikufa. Asubuhi ile BBC walionyesha picha kutoka mahali penyewe. TV-am, waliokuwa wamebana matumizi, kwa sehemu kubwa walitegemea sauti ya mtangazaji wao kwenye simu. Siku moja ambayo nchi ilikihitaji kituo cha asubuhi kuliko siku zote, kituo hakikuwa na macho. Mamlaka ikawakemea.

Mkuu wa kituo wakati huo alikuwa Bruce Gyngell kutoka Australia, hodari wa kuhesabu fedha. Novemba 1987 mafundi mitambo waligoma kwa saa 24. Waliporudi walikuta milango imefungwa. Mameneja na makatibu wakashika kamera, na filamu za zamani za Kimarekani kama Batman zikajaza muda. Watazamaji hawakukimbia. Februari 1988 mafundi zaidi ya 200 wakafukuzwa kazi. Nawaza habari za mafundi hao kila niketipo mbele ya kipaza sauti hiki, maana nyuma ya kioo yupo fundi ambaye ninyi hamjui jina lake, na bila yeye mimi ni mzee anayezungumza peke yake.

Bi Thatcher alimpenda Gyngell kwa ushupavu huo. Serikali yake ikatunga sheria ya utangazaji ya mwaka 1990: leseni zitolewe kwa zabuni, kila mtu na bahasha yake iliyofungwa. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Bahasha zilipofunguliwa Oktoba 1991, TV-am ilikuwa imeahidi paundi milioni 14 na kidogo kwa mwaka. Wapinzani wao, zaidi ya milioni 34. Thatcher, aliyekwisha kuondoka madarakani, alimwandikia Gyngell barua ya masikitiko, naye akaisoma hadharani. Haikusaidia. Tarehe 31 Desemba 1992 TV-am ilifunga matangazo, na kesho yake GMTV ikaanza. Nayo ilidumu hadi mwaka 2010.

Basi, kijana, jibu langu ndilo hili. Wachekeshe watu asubuhi, si dhambi. Mama anayefunga watoto vifungo vya sare hana nafasi ya hotuba. Lakini usiuze kamera ili ununue kikaragosi, kwani bomu halitoi taarifa kabla ya kulipuka. Na ninyi wasikilizaji, mkisikia masafa ya hewani yanagawiwa, msiulize tu nani katoa fedha nyingi. Hewa ile ni mali yenu. Ulizeni pia: siku ya msiba, huyu atatuletea nini? Na waliomjengea jina, atawafanyia nini?

Tukijaliwa, tuonane juma lijalo. Kwaherini.