Barua Iliyotoka Bila Nakala



Katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, nchini India, zimo barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711. Ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno waliokuwa Msumbiji na kwa rafiki zao. Wakati huo Ngome ya Mombasa ilikuwa imekwisha kuangukia mikononi mwa Waomani tangu mwaka 1698, na Kilwa ilikuwa ikitafuta njia yake baina ya wenye nguvu wawili. Barua hizo huhesabiwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Waswahili yaliyosalia. Mwanafunzi wa Kilwa Masoko akitaka kuzishika kwa mkono wake, sharti avuke Bahari ya Hindi.

Kwa nini barua za Kilwa zimo Goa na hazimo Kilwa? Jibu si la ajabu. Msumbiji ya Wareno ilitawaliwa kutoka Goa hadi mwaka 1752, na watawala hao walikuwa na desturi ya kuweka karatasi zilizoingia. Aliyepokea aliweka. Nakala ya aliyepeleka, kama iliwahi kuandikwa, haijulikani ilipo. Basi upande mmoja wa mazungumzo hayo umehifadhiwa na mgeni, na mwenyeji hana budi kumwomba mgeni amkumbushe maneno yake mwenyewe.

Historia ya masultani wa Kilwa nayo ilinusurika kwa nakala. Mreno João de Barros alichapisha habari zake kwa Kireno mwaka 1552, na maandishi ya Kiarabu yaliyoko London ni nakala ya karne ya 19, iliyotoka Unguja kwa mkono wa Sultani Barghash kwenda kwa mwakilishi wa Uingereza, John Kirk. Anayedhani kuwa kunakili ni kazi duni ya karani asiye na cheo na akumbuke kwamba bila karani wa namna hiyo, sehemu kubwa ya habari za Kilwa ya kale isingejulikana.

Mambo hayo ya kale yanahusu moja kwa moja masijala za hii leo. Katika ofisi nyingi, barua inayoingia hupokelewa kwa heshima zote. Hugongwa muhuri wa tarehe, huandikwa katika kitabu cha barua zinazoingia, hupewa namba, hutiwa katika jalada, na jalada hupelekwa kwa mkubwa anayehusika. Barua inayotoka haina bahati hiyo. Ikishatiwa sahihi, kila mtu huona kazi imekwisha. Tarishi anasubiri mlangoni, gari liko tayari kuondoka kwenda Lindi, na mwenye shida anahimiza. Nakala itawekwa baadaye. Hiyo "baadaye" ndiyo inayoua majalada.

Zamani kosa hilo lilikuwa gumu kutendeka. Katika enzi ya mashine ya kupiga chapa, mpiga chapa alipanga karatasi ya barua, kaboni, na karatasi nyembamba nyuma yake. Kidole kimoja kikapiga zote kwa pamoja. Nakala ilizaliwa siku moja na barua, kama pacha. Mtu alihitaji kufanya makusudi ili asiwe na nakala. Ilipoingia mashine ya kutoa vivuli, na baadaye kompyuta, pacha hao walitenganishwa. Kuandika barua kukawa tendo moja na kutoa nakala tendo jingine, tena linalofanyika katika chumba kingine, kwa mashine ambayo pengine haina wino. Ndiyo maana ofisi yenye mitambo bora inaweza kuwa na majalada mabovu kuliko ofisi iliyokuwa na kaboni na subira tu.

Wapo wanaojibu kwamba barua imo ndani ya kompyuta ya katibu muhtasi, kwa hiyo nakala ipo. Jibu hilo halitoshi. Kilichomo ndani ya kompyuta hiyo mara nyingi ni maandishi yasiyo na sahihi, yasiyo na muhuri, na yasiyo na namba ya kumbukumbu iliyoongezwa kwa kalamu dakika ya mwisho. Hata tarehe yake haiaminiki: barua nyingi huandikwa juu ya barua ya zamani, na kompyuta ikiwa imepangwa kujiwekea tarehe, basi barua ya Machi ikifunguliwa Oktoba hudai kuwa imeandikwa Oktoba. Mahali ambapo utaratibu wa majalada ya kielektroniki umewekwa na unafuatwa, hali ni tofauti, kwani barua husajiliwa pamoja na sahihi yake na njia iliyopita. Lakini kompyuta moja juu ya meza ya mtu mmoja si masijala.

Hasara ya uzembe huo haimpati mkubwa wa ofisi. Humpata mwalimu. Mwalimu aliyeanza kazi katika miaka ya 1980 huko Liwale, akahamishiwa Nachingwea, kisha akamalizia Kilwa, anapostaafu hutakiwa kuonyesha barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, na barua ya cheo chake cha mwisho. Katika maisha yake ya kazi waajiri na mifuko vimebadilika majina: Tume ya Utumishi wa Walimu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni iliunganishwa kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma. Katika mabadiliko yote hayo, kitu kimoja tu kilitakiwa kumfuata, nalo ni jalada lake. Jalada lisipoonekana, hufunguliwa jalada la muda. Jalada la muda hukaa miaka kumi, na ndani yake hamna barua ya kuthibitishwa, kwa sababu ofisi iliyoiandika ilimkabidhi mwenyewe asili na haikubakiza nakala. Mwenyewe naye aliiweka sandukuni, na mchwa wa pwani hawaheshimu muhuri wa serikali. Mtu mzima aliyefundisha miaka thelathini na zaidi huanza tena kupanda basi kwenda na kurudi, akiambiwa "njoo kesho", ili athibitishe kwamba aliwahi kuajiriwa.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea majivuno na dharau ya viongozi kwa wananchi. Pengine wengi walielewa kwamba dharau ni maneno makali. Kumpotezea mzee karatasi yake, kisha kumtaka yeye ndiye aitafute, ni dharau hata kama inasemwa kwa sauti ya upole na kiti kikatolewa.

Juu ya upelekaji wa barua, watu wa kusini hawahitaji kufundishwa maana ya kuchelewa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika yalipozidi, njia ya Dar es Salaam na kusini ilifungwa kwa muda mrefu. Barua iliyotakiwa kujibiwa ndani ya siku kumi na nne iliweza kufika siku ya thelathini. Daraja limekwisha kujengwa, lakini haifai kudhani kuwa njia imekuwa ya hakika milele. Mwanzoni mwa Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara eneo la Somanga wilayani Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili. Mwezi huo huo, tarehe 12, nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya bahari zilikatika upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukazorota katika Afrika Mashariki. Kwa hiyo ndani ya wiki mbili, barua ya karatasi na barua ya mtandao zote zilipatwa na ajali.

Katika hali kama hiyo, kinga ya ofisi ni kitabu cha kupelekea barua. Kitabu hicho ni kitu cha bei ndogo: tarehe, namba ya barua, inakokwenda, njia iliyotumika, na sahihi ya aliyepokea. Barua iliyopelekwa posta iandikwe hivyo na stakabadhi ibandikwe. Barua iliyopewa dereva iandikwe hivyo. Na iliyopewa kondakta wa basi, kama ilivyo desturi ya watu wengi wa kusini wakiwa na haraka, nayo iandikwe, ijapokuwa kwa barua za serikali desturi hiyo haifai kabisa. Kitabu kikijazwa kwa uaminifu, ofisi ya Kilwa inaweza kusema barua ilitoka siku gani na ilikomea wapi. Kisipojazwa, linabaki neno la tarishi dhidi ya neno la karani wa Lindi, na daima tarishi hushindwa.

Mashine nazo zinahitaji kusemwa kidogo. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi. Karatasi iliyotolewa katika kifungashio chake na kuachwa wazi hunyonya unyevu, hujikunja, na hukwama ndani ya mashine. Fundi huitwa, na lawama hupewa mashine. Inatosha karatasi zibaki katika kifungashio hadi siku ya kutumika na zisiwekwe sakafuni. Aidha, zile karatasi za faksi za zamani, zilizoandikwa kwa joto badala ya wino, hufifia hadi zikawa nyeupe. Majalada ambayo bado yana karatasi hizo yanafaa kupekuliwa na kutolewa vivuli sasa, maana hazisubiri. Tena mashine mpya hununuliwa kwa sherehe, lakini wino wake husahauliwa katika makisio.

Lipo jambo la siri, na hapa Kilwa ina kisa chake kingine. Mwaka 1895 Wajerumani walimkamata Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga kwa miaka kadhaa, wakamnyonga Kilwa Kivinje. Barua zake nazo ziliangukia mikononi mwao, na zikawa ushahidi dhidi ya wengine walioandikiana naye. Karatasi humsaidia aliyenayo, awe nani. Katika mashule, siku za stensili, walimu waangalifu walijua kwamba stensili iliyokwisha kutumika husomeka ikiinuliwa kwenye mwanga, kwa hiyo waliichoma mara baada ya kudurufu mtihani. Siku hizi mtihani huchukuliwa katika kijiti cha kumbukumbu hadi duka la steshenari, huchapishwa mbele ya wateja, na kijiti kikaondoka lakini mtihani ukabaki katika kompyuta ya dukani. Vivyo hivyo barua ya nidhamu ya mtumishi husahauliwa juu ya kioo cha mashine ya vivuli, ikamngojea anayefuata.

Ofisi ndogo isiyo na mitambo ya kisasa inaweza kuanza na jalada moja tu, ambalo halihusu mtu wala jambo fulani. Ndani yake hutiwa nakala moja ya kila barua iliyotoka, kwa mfuatano wa tarehe, mbali na nakala iliyomo katika jalada la jambo lenyewe. Jalada la mtu likipotea, nakala ya barua yake hupatikana humo kwa kujua mwezi tu. Na barua isipokee namba kabla nakala yake haijaonekana mezani kwa mtunza masijala. Mkubwa wa ofisi akikubali kufuata sharti hilo kwa barua zake mwenyewe, hata zile za haraka, wengine watalifuata.

Inabaki siku ya uhamisho. Mtunza masijala anapohamishwa, makabidhiano yafanyike kwa maandishi: vitabu vya barua vilivyopo na ukurasa wa mwisho uliojazwa, majalada yaliyo nje na majina ya walioyachukua, nywila za kompyuta ya ofisi, na funguo za kabati la siri, ambazo kwa kawaida hukumbukwa wiki ya pili, zikiwa mfukoni mwa mtu aliyekwisha kufika Liwale.