Kujitolea: Ngazi ni ya nani?

Ndugu wasikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya neno moja ambalo sote tunalitumia, lakini halina uzito mmoja kwetu sote. Neno lenyewe ni kujitolea.

Kijana wa Ulaya au Marekani akimaliza chuo na kuaga kwamba anakwenda Afrika kujitolea kwa miaka miwili, jamaa zake humpongeza. Wanajua akirudi atakuwa amepanda daraja. Kijana wetu wa Dar es Salaam au Mwanza akisema anajitolea, majirani humwonea huruma. Wanaelewa kwamba amekosa ajira, na sasa anafundisha shule au anahudumia wagonjwa bila mshahara, huku akisubiri nafasi zitangazwe. Neno ni lile lile. Kwa mmoja ni ngazi, kwa mwingine ni benchi la kungojea.

Hali hii haikuja kwa bahati. Uingereza ilianza kupeleka vijana wake ng'ambo kupitia shirika la VSO mwaka 1958. Tarehe 1 Machi 1961, Rais John Kennedy wa Marekani akaanzisha Peace Corps. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kuwapokea: wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia walifika mwaka huo huo, kabla hatujapandisha bendera ya Uhuru tarehe 9 Desemba. Umoja wa Mataifa nao ukaamua kuunda mpango wake wa watu wa kujitolea mwaka 1970.

Wenzetu hao hawakuyaacha mambo yajiendee. Katika miaka ya mwanzo ya Peace Corps, kila kijana aliwekewa akiba ya dola 75 kwa kila mwezi wa utumishi, apewe atakapomaliza, ili asirudi kwao mikono mitupu. Mwaka 1963 Rais Kennedy alitia saini amri iliyofungua mlango wa ajira serikalini kwa waliomaliza utumishi huo, bila kupitia mashindano ya kawaida ya waombaji kazi. Matunda yake yanaonekana. Mama Carol Bellamy alijitolea Guatemala kuanzia 1963 hadi 1965. Mwaka 1993 akawa mkurugenzi wa Peace Corps yenyewe, na kutoka 1995 hadi 2005 aliliongoza shirika la UNICEF, lenye dhamana ya watoto wa dunia nzima.

Sisemi haya kwa kijicho. Wapo wanaonisikiliza sasa hivi ambao hisabati na fizikia walifundishwa na vijana hao, na wanawakumbuka kwa wema. Kumjengea ngazi mtu anayetumikia wenzake ni jambo la haki. Ninachouliza ni kwa nini sisi hatukuwajengea wa kwetu.

Maana kujitolea hatukufundishwa na mgeni. Tulikuwa na ujima na msaragambo. Jirani zetu wa Kenya wana harambee. Na redio hii mnayoisikiliza ina ushahidi wake. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Vikundi hivyo viliongozwa na wananchi waliopewa mafunzo mafupi, na idadi yao ilikuwa kama 75,000. Fikirieni, watu 75,000 waliojua kuendesha mkutano, kusuluhisha ubishi na kuhimiza kazi mpaka ikamalizika! Hiyo ni shule ya uongozi. Lakini wangapi kati yao walipata hata karatasi moja ya kusema kwamba waliongoza?

Katika kazi yangu nilipata kukutana na mama mmoja katika kijiji cha Mkoa wa Iringa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Alikuwa na madaftari manne yaliyojaa majina: watoto waliopimwa uzito, wajawazito waliosindikizwa zahanati, wagonjwa waliokumbushwa dawa. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka 11. Nilipomwuliza amepata nini, alicheka, akanionyesha fulana mbili na mwavuli. Akaniambia pia kwamba alipata kukaa na kijana wa kujitolea kutoka Ulaya. Yeye ndiye aliyemfundisha Kiswahili, akampitisha nyumba kwa nyumba, akamwelekeza namna ya kuongea na wazee. Yule kijana sasa ni mkuu wa mradi katika nchi nyingine. "Mwanangu yule ana akili sana," akasema, bila kinyongo chochote.

Mimi niliondoka pale nikiwaza. Mwanafunzi amekuwa mkuu wa mradi, mwalimu wake bado ana mwavuli.

Tena tusisahau nani hubaki mambo yanapoharibika. Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipoenea, Peace Corps iliwarudisha nyumbani watu wake wote, karibu 7,000, kutoka nchi zaidi ya 60. Siwalaumu, kila mzazi angetaka mwanawe arudi. Mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada la USAID, miradi mingi ilisimama na posho zake zikakatika. Mara zote mbili, aliyebaki na wagonjwa mlangoni pake ni yule yule mwenye madaftari.

Nashukuru kwamba macho yameanza kufunguka. Mwaka 2023 Kenya ilitunga sheria ya huduma za msingi za afya inayowatambua wahudumu wa namna hii, na mwezi Septemba mwaka huo wapatao 100,000 walikabidhiwa vifaa na kuwekewa posho ya kila mwezi, ikichangiwa na serikali kuu na kaunti. Kwetu, Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka 5. Hizo ni hatua njema, ila zinagusa afya peke yake. Mwalimu anayejitolea, anayesimamia kisima cha kijiji, anayelea yatima wa mtaa, hao wangali gizani.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kupendekeza. La kwanza, ofisi ya kijiji na ya mtaa iweke rejista ya wanaojitolea, na kila mmoja apewe barua yenye muhuri inayotaja amefanya nini, kwa muda gani, na ameongoza watu wangapi. Karatasi na muhuri havitashinda bajeti ya halmashauri yoyote. La pili, mwajiri anayetaka "uzoefu wa miaka mitatu" aihesabu barua hiyo kuwa uzoefu. La tatu, shirika la kigeni linalomleta mtu wa kujitolea litaje tangu siku ya kwanza mwenyeji atakayeshika nafasi yake, na tarehe ya kukabidhiana. Mgeni akiondoka kisha kazi ikafa, basi hapakuwa na maendeleo. Palikuwa na ziara ndefu.

Nanyi waajiri na wakuu wa shule, neno la mwisho ni lenu. Kijana anayejitolea mwaka wa kwanza anajifunza. Akifikisha mwaka wa nne, anafanya kazi kamili, na hana nauli ya kurudi kwao jioni, huko hakuitwi kujitolea tena. Sote tunajua kunavyoitwa. Kabla hujasaini barua ya kumshukuru, angalia kwanza kama huwezi kusaini barua ya kumwajiri.

Ndugu wasikilizaji, kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.