Mtoto Ameshiba, Lakini Harefuki

Msikilizaji, Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, si wilaya za njaa. Migomba ipo, maharage yapo, mihogo ipo. Ndiyo maana udumavu unatupita machoni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika mkoa huo, katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 34 wamedumaa. Wastani wa nchi ulikuwa 30.

Siku ya kliniki utamwona muuguzi akizungusha utepe kwenye mkono wa mtoto. Ukisoma kijani, yaani sentimita 12.5 na kuendelea, mama anarudi nyumbani ametulia. Utepe ule umeokoa wengi, lakini kazi yake ni kukamata ukondefu. Udumavu unataka ubao wa kupimia urefu: mtoto mdogo alazwe, miguu inyooshwe, namba ilinganishwe na umri wake. Mtoto anayekuzwa kwa uji mtupu wa muhogo anaweza kuwa na mkono wa kijani na mashavu yamejaa, kumbe urefu umesimama miezi mingi.

Na uji huo haupikwi kwa uzembe. Msimu wa kilimo mama anatoka alfajiri na jembe, pengine ana mimba ya miezi saba, na mtoto anabaki na dada yake ambaye naye bado ni mtoto. Maharage yakivunwa, baba anamwita mnunuzi. Halafu sisi tunamwita mama peke yake kwenye somo la lishe, tunamfundisha kuponda maharage ambayo yameshapakiwa kwenye lori! Hapo tunamwonea. Baba aitwe, na mama mkwe aitwe, wakae kwenye benchi lile lile.

Kuhusu fedha: kila halmashauri inatakiwa itenge shilingi 1,000 za lishe kwa mwaka, kutoka mapato yake ya ndani, kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, Septemba 2022. Lakini fedha iliyoandikwa kwenye bajeti haijamlisha mtoto mpaka itoke. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Siku hiyo, mapato na matumizi yakisomwa, nyoosha mkono, mama, na wewe baba: watoto wa kijiji hiki ni wangapi, fedha yao imetoka kiasi gani, imenunua nini, na ubao wa kupimia urefu uko wapi?