Mstari wa Jumla Kuu Katika Majedwali ya Kompyuta

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Mkubwa wa ofisi akipelekewa jedwali la kurasa tatu, jicho lake hukimbilia mstari wa mwisho. Si la kulaumiwa, kwani kazi ni nyingi. Lakini kwa sababu hiyo mstari huo hauna budi kuwa sahihi kuliko yote, na programu za kompyuta za kuonyeshea takwimu, kama vile Tableau, huuandika bila ya kumuuliza mtayarishaji amekusudia nini.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773. Hiyo ni jumla ya kweli: watu 1,346,332 wa Unguja na 543,441 wa Pemba. Safu inayofuata katika jedwali kama hilo, yaani msongamano wa watu kwa kilomita ya mraba, ina tabia nyengine kabisa. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 3,883, Kusini Pemba 817, Kaskazini Unguja 547, Kaskazini Pemba 474 na Kusini Unguja 229. Programu ikiachiwa ijumlishe, huandika chini yake 5,950, tarakimu isiyo na maana yoyote. Mtumishi akishtuka akachagua wastani badala ya jumla, hupata 1,190.

Hiyo ya pili ndiyo ya hatari zaidi, maana sura yake ni ya kuaminika. Imeupa Mkoa wa Mjini Magharibi, wenye kilomita za mraba 230, uzito ule ule wa Kusini Unguja yenye 854. Jawabu sahihi ni 768: watu wote hugawanywa kwa eneo lote la kilomita za mraba 2,460. Atakayepanga visima au skuli kwa 1,190 atakuwa amezidisha kwa zaidi ya nusu, na jedwali lake limepigwa mstari vizuri na kutiwa rangi.

Inawapasa watayarishaji wasiichukue safu ya msongamano ikiwa tayari imeshakokotolewa katika faili. Iandikwe fomula ndani ya programu: jumla ya watu kugawanywa kwa jumla ya eneo. Kisha uchaguzi wa namna ya kujumlisha, unaopatikana katika menyu ya kipimo chenyewe, uachwe katika hali yake ya awali. Hapo programu huirudia fomula juu ya data zote, na 768 hutokea. Uchaguzi huo ukigeuzwa kuwa wastani, 1,190 hurejea pale pale. Wanaotumia Power BI nao waandike fomula ya namna hiyo hiyo.

Jina la mstari nalo hubadilika. Neno “Jumla” likikaa mbele ya msongamano humpoteza msomaji. Badala yake iandikwe “Zanzibar nzima”.