"Dawa Hakuna, Kanunueni Nje"

Ndugu na dada zangu wa Meru, na wenzetu mliotoka Embu asubuhi. Sitaongea sana, jua lenyewe mnaliona.

Juzi nilimpeleka mama hospitali ya serikali, jina siitaji. Daktari akampima presha, akamshauri vizuri, akaandika dawa. Kufika dirishani: "Dawa hakuna, kanunueni nje." Kemisti ya kwanza, kidonge kimoja shilingi 45. Tukavuka barabara. Ya pili ikatupa amlodipini ileile, nguvu ileile, kwa shilingi 6. Tofauti ni jina la kampuni kwenye pakiti. Kidonge ni kila siku, kwa hivyo mwezi ni 1,350 upande huu, 180 upande ule. Wangapi hawana nguvu ya kuvuka barabara na kuuliza?

Watu watasema sasa tuna SHA. Kweli, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF imekwisha. Mwenye payslip anakatwa asilimia 2.75. Sisi wa jua kali tunaulizwa maswali ya nyumba na mifugo, halafu tunaambiwa kiasi, si chini ya 300 kwa mwezi, na ilianza kwa kudaiwa mwaka mzima kwa mpigo. Mwenye muguka kule Mbeere au miraa kule Igembe anajua pesa huja na msimu. Mei 2024, Mombasa na Kilifi zilipofungia muguka, angelipa na nini? Ndiyo ikabidi uletwe mpango wa kulipa pole pole.

Lakini hata ukiwa umelipa, kadi haimezwi. Zahanati na vituo vya afya vinatakiwa kutuhudumia bure, ila bure ya kuandikiwa karatasi ni bure gani?

Shida hii ina dawa yake. KEMSA hununua dawa kwa wingi, na anayenunua kwa wingi hupata bei nzuri. Kaunti ikikaa na deni la KEMSA, dawa zinachelewa au hazitoki, na mzigo unaangukia mfuko wa mama yako. Tena sheria hubadilisha bei, msidanganywe. Mwaka 2001 Bunge lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, ikafungua njia ya kuingiza dawa nafuu za ukimwi, baada ya wagonjwa na wanaharakati kupiga kelele.

Kabla ya tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti lazima yafike bunge la kaunti. Mikutano ya maoni huwa na wazee kumi na soda. Twendeni tujaze viti, tuulize mawili tu: dawa zimetengewa ngapi, na KEMSA inatudai ngapi? Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kujibiwa.

Na mje na karatasi za daktari na risiti za kemisti, hata zilizochakaa. Tutazipanga hapa msikitini baada ya Asr.