Deni la Unga

Ndugu wanachama wa Voi na Mwatate, mnakumbuka ukame wa 2022. Unga wa kilo 2 ulipita shilingi 200. Mwezi wa Julai Serikali ikaushusha hadi 100 kwa wiki chache, lakini madukani ukaadimika. Nyumbani kwangu tulikopa, na mshahara wote ukaishia kwa mwenye duka. Mfanyakazi mwenye deni huogopa hata kudai haki yake.

Mke wangu ndiye aliyekataa. Nyumba tano zikachanga, zikanunua gunia la mahindi la kilo 90, kila nyumba debe moja, wakapeleka kwenye kinu cha posho. Jioni tulikula kimanga, mihogo na mbaazi zilizopondwa, chakula cha bibi zetu wa Taita. Watoto walinuna siku mbili. Siku ya tatu wakaomba kuongezewa. Sukari tuliacha, na chai hiyo mimi sijaizoea mpaka leo.