Mwenye Nyumba ya Wageni



Ndugu wapendwa mnaotusikiliza majumbani na mahospitalini, Injili ya leo tunaijua tangu tulipokuwa watoto wa mafundisho. Mtu mmoja aliangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Kuhani akapita, Mlawi akapita, Msamaria akasimama. Mahubiri mengi huishia kwa Msamaria. Leo napenda tukae kidogo na mtu ambaye Luka anamtaja kwa haraka, wala hampi jina wala neno la kusema: mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimwuguza majeruhi usiku ule. Kesho yake akatoa dinari mbili, akaahidi kurudi, akashika njia. Siku zilizofuata, ni nani aliyeosha vidonda?

Nimemfikiria mtu huyo kwa sababu ya ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao wengi wao husema Kiswahili kama sisi. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali yao ilitangaza kuwa kuna Ebola Mangina, karibu na mji wa Beni. Ugonjwa ukaenea hadi Katwa na Butembo, na haukutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, waliofariki 2,287. Mataifa yalisimama njiani kama Msamaria. Zilikuja fedha, magari na madaktari. Ikaja na chanjo, wakachanjwa watu zaidi ya 300,000. Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa hospitalini Butembo tarehe 19 Aprili 2019, wenye silaha walipoishambulia. Asiseme mtu kwamba misaada ile ilikuwa fedha tu.

Hata hivyo wenyeji walikuwa na swali, nami naliona kuwa swali la haki. Kwa miaka mingi walikuwa wakichinjwa na vikundi vya wenye silaha, na watoto wao wakifa kwa malaria, lakini misururu ile ya magari hawakuiona. Sasa imekuja kwa ajili ya ugonjwa mmoja, ugonjwa uwezao kupanda ndege na kufika mbali. Katika miezi hiyohiyo surua ilikuwa ikienea Kongo nzima: kufikia Januari 2020 ilikwisha kuua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Hao ni zaidi ya maradufu ya waliouawa na Ebola ya Kivu, na chanjo ya surua ni ya zamani na ya bei nafuu. Mama aliyezika mtoto wa surua, kisha akaikimbia timu ya Ebola, tusiwe wepesi kumwita mjinga.

Na liko jambo chungu zaidi. Mwezi Septemba 2021 tume huru ilitoa taarifa juu ya wanawake waliotakiwa miili yao ili wapate kazi katika mapambano hayo. Watuhumiwa walitajwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe. Msamaria anayemdai majeruhi malipo ni mnyang'anyi mwingine katika njia ileile.

Lakini tusiwanyoshee kidole wageni peke yao. Mwaka 1976, Ebola ilipoonekana kwa mara ya kwanza Kongo, ilienea kupitia hospitali ya misheni yetu Katoliki huko Yambuku. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano. Zikasuuzwa majini na kutumiwa tena, mgonjwa baada ya mgonjwa. Waliougua walikuwa 318, wakafa 280. Katika watumishi 17 wa hospitali walikufa 11, masista miongoni mwao. Upendo haukuwapungukia. Walipungukiwa sindano.

Daktari Mkongo aliyefika Yambuku mwaka ule kuchukua damu za wagonjwa, Jean-Jacques Muyembe, ndiye aliyekabidhiwa uongozi wa mapambano ya Kivu mwezi Julai 2019. Na katika dawa mbili zilizothibitika kupunguza vifo huko, moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Damu ya Mkongo, maabara za Marekani. Sijui kama Luka angemwita nani Msamaria hapo na nani majeruhi.

Kisha walikuwako wanawake wa Beni na Butembo. Walikuwa wamepona Ebola wenyewe, hivyo hawakuogopa kuambukizwa tena kwa urahisi; wakawapakata watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wametengwa wodini. Mgeni gani angeweza kazi hiyo?

Dinari, ndugu zangu, huja na hukoma. Tarehe 1 Julai 2025 serikali ya Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na kazi nyingi za afya barani Afrika zikatetereka kwa miezi michache tu. Basi wewe katekista, na wewe mzee wa kanisa unayekaa katika kamati ya zahanati, kesho Jumatatu nenda ukamwulize mganga kwa upole: leo hii, stoo, ana sindano ngapi, na mipira ya mikono jozi ngapi? Andika hesabu hiyo, uisome Dominika ijayo baada ya matangazo ya ndoa.